Mtoto wa Kahe

Hedwiga na mumewe Saning'o wanajulikana Sombetini kama watu wa treni. Saning'o ni fundi wa kuchomelea vyuma, Mwarusha wa Ngaramtoni. Hedwiga ni Mchaga aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili, akastaafu mwaka juzi. Siku ambazo treni inafika Arusha, wao hushuka stesheni kuitazama ikiingia; mume anaandika namba ya injini kwenye daftari, mke anapiga picha. Binti yao Jackline hulalamika kwamba simu ya mama yake ina mabehewa mengi kuliko wajukuu.

Mwezi wa saba mwaka jana waliamua kuifuata reli kwa gari hadi Korogwe, wakisimama kila stesheni watakayoweza kuifikia. Goti la Saning'o haliwezi tena kukanyaga klachi, kwa hiyo Hedwiga ndiye aliyeendesha. Usa River walikaa saa nzima, Moshi wakala mchana, na jua lilipoanza kupoa wakaingia Kahe.

Kahe ilikuwa na maana yake kwa Hedwiga. Baba yake, marehemu mzee Elifuraha, alikuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli, na familia iliishi hapo katika nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1973, Hedwiga akiwa na miaka sita, alishikwa na degedege. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne na hakuna gari lililoweza kupita kwenye tope. Baba yake alichukua bendera nyekundu, akasimama katikati ya reli na kusimamisha treni ya mizigo iliyokuwa ikienda Moshi. Dereva aliwapakia mama na mtoto ndani ya injini, akavua koti lake na kumfunika mtoto. Hospitalini Moshi mganga alisema wangechelewa kidogo tu, asingepona.

Hadithi hiyo Hedwiga aliikuta nyumbani kama alivyokuta sala ya chakula. Jina la dereva ndilo hakuna aliyelijua.

Wakiwa Same kesho yake, Saning'o akipima kwa hatua zake urefu wa jukwaa, Hedwiga alimsimulia mlinzi wa stesheni habari ile. Mlinzi alifikiri kidogo.

"Mama, nenda Mombo ukamwulize mzee Solomoni. Aliendesha treni njia hii miaka hiyohiyo. Kama si yeye, atamjua."

Walimkuta mzee Solomoni barazani kwake, akichambua maharage na mkewe. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana.

"Shikamoo, baba," Hedwiga alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni."

Hedwiga alieleza yote, kuanzia mvua mpaka koti. Alikuwa ameandaa maneno ya shukrani tangu Same, akaanza kuyatoa. Mzee aliweka ungo chini.

"Si mimi," alisema. "Usinishukuru kwa kazi ya mwenzangu. Huyo alikuwa Hans, rafiki yangu. Alifariki mwaka 2011."

Saning'o, ambaye si mtu wa kuonyesha mambo mbele za watu, alimshika mkewe mkono.

"Lakini ngoja nikwambie," mzee aliendelea. "Hans aliisimulia habari hiyo mpaka tukaichoka. Aliporudi Kahe wiki iliyofuata aliikuta nyumba yenu tupu. Akaambiwa baba yako amehamishwa, hakuna aliyejua kwa hakika ni wapi. Wengine walimwambia mtoto alikufa, wengine wakasema amepona. Kila tulipokutana na mtu wa njia ya Kahe, lazima aulize: yule mtoto alipona?"

"Tulihamishiwa Usa River," Hedwiga alisema polepole. "Nikiwa bado nimelazwa."

"Basi hakujua. Ila mkewe yupo, mama Ruth, anakaa Korogwe. Nenda ukamwambie."

Mama Ruth alikuwa na miaka themanini na moja, macho yake yakiona vivuli tu. Mjukuu wake Brightness aliwakaribisha, akawaletea chai ya maziwa. Hedwiga hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mbele ya yule bibi na kumwekea mikono mapajani.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Hedwiga, binti Elifuraha. Ni yule mtoto wa Kahe."

Mama Ruth alimpapasa uso, paji, mashavu, kidevu, bila haraka.

"Ulipona," alisema.

"Nilipona, bibi. Nilisoma, nikawa mwalimu. Nina watoto watatu na wajukuu watano."

"Watano." Bibi alicheka kimya kimya, machozi yakimtoka. "Alirudi nyumbani siku ile akitetemeka kwa baridi, nikamwuliza koti liko wapi. Akasema, limebaki Moshi na mtoto wa watu. Nilimgombeza, mwanangu. Lilikuwa jipya."

Hedwiga alicheka na kulia kwa pamoja. Alisema asante mara nyingi, na kila mara bibi alijibu kwamba shukrani ni ya Mungu na ya Hans, yeye aligomba tu.

Hawakuondoka siku hiyo. Brightness aliwatandikia kitanda, na asubuhi wote wanne walikwenda kaburini kwa Hans, nyuma ya kanisa. Saning'o, ambaye nyumbani huachia mkewe kazi ya kusali, aliomba asali yeye mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa Kimaasai, taratibu, kwa ajili ya mwanamume asiyemjua aliyempa mke.

Mama Ruth aliuliza alichosema. Hedwiga alipomtafsiria, bibi aliitikia amina, kisha akataka kujua kama mume huyu hula makande, maana yalikuwa jikoni tangu alfajiri.

Walikula, wakajaza thermos chai, na Hedwiga akaahidi kurudi Desemba na wajukuu wote watano. Alirudi kweli, na safari hiyo walikwenda na treni.