Muuza Mubirizi wa Nyaishozi
Muuza majani wa Nyaishozi hakuuzii mubirizi, yale majani machungu ya dawa, kabla hajatafuna jani moja mbele yako, na pamoja na uchungu wote ule hakunji uso hata kidogo. Kucha zake zimegeuka kijani. Huongea taratibu, kama anayeongoza sala: "Wataalamu wamethibitisha. Jani hili linakata mawasiliano ya seli za saratani, haziwezi tena kuambiana ziongezeke." Walithibitisha kweli, ila kwa seli zilizooteshwa kwenye kisahani cha maabara, na hicho kisahani yeye hakitaji kamwe. Dada yangu Deodatha, aliyekuwa na saratani ya titi, alimuuliza kama aendelee na dripu za hospitali. Mzee akatafuna jani, akameza. "Mwanangu, usichanganye dawa." Deodatha akaacha dripu.

Siku ya mazishi mzee huyo aliwahi kuliko majirani wengi, akashika jembe, akachimba kaburi pale migombani mpaka shati likalowa. Alipokwisha kunawa akaniita pembeni, kwa sauti ileile ya sala. Nilidhani ananipa pole.

"Yale majani aliyobakiza marehemu," akasema, "yaanikeni vizuri. Kuna mama mgonjwa kijiji cha Ndama anayasubiri."