Dereva wa Mkurugenzi Anayehama

Mkurugenzi akihama kampuni, watu huzungumzia mshahara wake mpya. Dereva wake hakuna anayemkumbuka. Anayekuja kukalia kiti huja na dereva wake anayemwamini, na yule wa zamani huambiwa asante, arudishe ufunguo.

Kimanzi, dereva wa mtaa wa Tena, aliyajua haya vizuri, ndiyo maana asubuhi ile alitega sikio akiwa kwenye usukani. Kwenye kiti cha nyuma, bosi wake Wahome alikuwa kwenye simu, akivutana na kampuni nyingine ya mafuta ya kupikia. Hawa wakubwa bwana! Humwaga siri zao zote mbele ya dereva kana kwamba hana masikio.

"Ongezeni hisa, na nyumba," Wahome alisema. "Mwezi ujao niko kwenu."

Mwezi ujao! Na Kimanzi hakusikia dereva akitajwa. Kwa umri wake, nani angempa gari lingine la kuendesha? Na karo ya Wavinya, bintiye, ingetoka wapi? Jioni alimweleza mkewe, Ndunge. Mama wa watu hakugusa chakula. Alipiga magoti kando ya kochi akaomba Wahome asiende.

Kesho yake wakurugenzi wa kampuni mbalimbali walikuwa na mkutano hotelini. Madereva, kama kawaida yao, walikusanyika kwenye maegesho, mahali wanapotafutiana kazi. Kimanzi alimvuta kando Sylvance, dereva wa mkurugenzi wa kampuni ileile iliyomtaka Wahome.

"Niaje, buda. Mdosi wako anaenda wapi? Wangu anakuja kwenu mwezi ujao. Niangalilie kazi hapo kwenu basi, nisiachwe nyuma."

Sylvance alimkodolea macho. "Wangu haendi mahali. Unasema nini?"

Hapo Kimanzi akajua ameharibu. Alidhani kiti kiko wazi, kumbe mwenyewe angali amekikalia, hana habari anafukuzwa. Alimsihi Sylvance anyamaze. Lakini Sylvance naye alikuwa na kibarua cha kuokoa, na kuanzia hapo kila simu ya bosi ilimshtua Kimanzi.

Haikupita wiki. Wahome alitoka ofisini, akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya Kimanzi. Hakuwa amewahi kukaa pale. Kimanzi akawasha gari.

"Mkurugenzi wao amepata habari, akaiwakia bodi, wakaniacha," Wahome alisema polepole. "Sasa siendi popote. Siku ile ya simu, Kimanzi, tulikuwa wangapi humu ndani?"

"Wawili, bosi."

Wahome alinyoosha kiganja. Kimanzi akazima gari, akamkabidhi ufunguo.

Alifika Tena jua bado kali. Ndunge alikuwa mlangoni, akaogopa kumwona mapema vile.

"Baba Wavinya! Ameenda?"

"Amebaki."

Ndunge akainua mikono kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akachungulia, na Kimanzi akaogopa kumkatiza.