Karibu ya Bi Zena

"Shangazi, hivi unamwonea wivu shangazi Sitara?"

Mtoto wa kaka yake alimwuliza hivyo Bi Zena mchana mmoja uani, mbele ya majirani, akaambulia kufinywa paja.

"Kwenda huko! Ulimi mrefu kama mkia wa samaki taa!" Bi Zena akaendelea kupepeta mchele kwa hasira, mchele ukaruka, chuya zikabaki.

Wivu alikuwa nao, mtaa mzima wa Gerezani ulijua. Nyumba ile baba yao aliwaachia wawili, yeye na dada yake Sitara: vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono ule, ukumbi katikati. Waliishi kama chanda na pete mpaka Sitara alipoanza kulaza wageni, wafanyabiashara wa siku mbili tatu waliokuja Kariakoo kununua mali na kurudi kwao. Kodi waligawana sawasawa. Hapo hapakuwa na neno. Lakini Sitara akicheka na wageni ukumbini, Zena anajifungia chumbani. Sitara akimpakulia mgeni kichwa cha samaki changu, Zena siku hiyo hali.

Mwisho akaenda kumshtaki kwa Ramadhan, kaka yao kwa mama. "Kaka, nyumba ni ya wawili. Haiwezekani mmoja aamue, watu walundikwe kama magunia boharini."

Ramadhan akawaita wote, akakata shauri: mgeni hatatia mguu ndani mpaka apate karibu ya kila dada. Mmoja akinyamaza, mgeni aende zake.

"Mimi nimekubali," alisema Sitara.

Zena alirudi nyumbani kwa madaha. Kumbe amesahau kitu kimoja: kinywa chake mwenyewe. Siku ya pili yake anakuna nazi, mara, "Hodi wenyewe!" "Karibu!" ikamtoka kabla hajainua uso. Tangu aanze kusema, hodi haijawahi kumpita bila jibu. Wiki ile nyumba ikajaa pomoni.

"Bi Zena, leo umekaribisha wangapi?" majirani wakamtania.

"Niacheni! Kila mtu na kwake!"

Akabuni dawa. Ikikaribia saa ya basi la Moshi kuingia, anabugia funda la maji, anakaa mlangoni, mashavu yamevimba kama samaki bunju.

Siku hiyo alikuja Theophil, mwenye duka wa huko Moshi aliyezoeleka pale, safari hii na mkewe Agnesi, ambaye mji alikuwa hajauona. Akapiga hodi. Sitara akasema karibu. Theophil, aliyekwisha kuambiwa sheria ya nyumba, akamgeukia Zena, akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Macho ya Zena yakamtoka, maji akayabana.

"Basi, mama," Theophil alisema. "Tusije tukawagombanisha." Akanyanyua sanduku lake.

Sitara alimtazama mdogo wake, asimtukane. Alijitanda kanga, akawafuata wageni, akawatafutia chumba kwa shoga yake, mtaa wa Mchafukoge. Akapika hukohuko, akala hukohuko. Zena aliyatema maji uani, akabaki na vyumba vyote sita.

Tangu hapo sheria ilifuatwa barabara, hakulazwa mgeni tena. Na kila jioni Sitara alikuwa Mchafukoge, wageni wakimfuata hukohuko.

Miaka ikapita. Yule mtoto wa kaka, sasa yuko darasa la saba, alimkuta Bi Zena jioni moja barazani, peke yake. Akaamkia shikamoo, akapewa marahaba, akakaa. Kisha akauliza tena swali lile lile, safari hii kwa adabu na paja akaliweka mbali.

Bi Zena hakufinya mtu.

"Sitara nimwonee wivu wa nini, mwanangu? Niliwaonea wale wageni. Kila asubuhi alikuwa akiwauliza wamelalaje. Mimi niliyelala chumba cha pili yake, hakuniuliza hata siku moja."