Mwani Mbele ya Nyumba ya Sarlina

Kwa zaidi ya miaka ishirini Sarlina Kordom alifua shuka za nyumba za watu. Hapa Klipbaai, kwenye pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, nyumba nyingi za ufukweni ni za watu wa Cape Town wanaokuja kupumzika wakati wa Krismasi, na funguo zao karibu zote zilining'inia jikoni kwake. Mgeni akiingia alikuta shuka imevutwa ikakaza kama ngozi ya ngoma. Sisi tukitaka kusema kitu ni safi, tunasema kimepita mikononi mwa Sarlina. Mwenyewe anajua, wala hajifanyi hajui.

Baba yao alipofariki aliwaachia yeye na kaka yake, Apools, nyumba ya kivuvi yenye vyumba viwili, baraza, paa la matete na kuta nene za chokaa. Apools alikuwa ameshapata mnunuzi wa mjini. Sarlina akamwomba kiangazi kimoja tu. Wageni wakija wakapanga, wakakaa hadi mwisho na kuondoka wakitaka kurudi, nyumba itabaki. Wakishindwa kukaa, atatia sahihi iuzwe. Apools alikubali upesi, kwa sababu alikuwa na hakika ya mambo yatakavyokwisha.

Wageni wa kwanza walikuwa wastaafu wawili kutoka Bloemfontein, Mama Refiloe Moloi na mumewe. Walipanga wiki nzima kwa ajili ya ndege. Sarlina alikuwa amewaahidi kwamba wakiwa wamekaa barazani wataona vitwitwi, wale wadogo wanaokuja kiangazi kutoka kaskazini ya mbali, na tobi weusi wenye midomo myekundu. Hakudanganya. Wamekuwa wakila pale tangu baba yake yu hai.

Alipaka chokaa, akasugua sakafu, akang'arisha vioo. Kisha akasimama barazani kutazama kazi yake, na macho yakauangukia mwani. Bahari yetu huutupa ufukweni kwa malundo, mrefu kama mijeledi, ukaoza hapo na kujaa nzi. Kwa mtu aliyeishi kwa kusafisha, ule ulikuwa uchafu mlangoni pake. Akachukua reki na toroli, akausomba wote, kuanzia kwenye mwamba hadi mpaka wa jirani yake Dolfina, akaumwaga nyuma ya vilima vya mchanga. Tulipita tukamsifu. Hakuna kati yetu aliyeona kosa.

Wageni walifika wakaipenda nyumba. Asubuhi walikaa barazani na chai yao, darubini shingoni. Mchanga ulinyooka mweupe kama shuka zake, na ndege hakuwepo hata mmoja. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu, Mama Refiloe alimfuata Sarlina jikoni.

"Nyumba yako nzuri sana, dada," akamwambia kwa upole. "Ila tumekuja kwa ndege. Tunafikiri tuhamie kule mdomo wa mto."

Apools alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni na kikombe chake cha kahawa. Alingoja mgeni aondoke, kisha akauliza kama ampigie sasa yule bwana wa mjini au amalize kahawa kwanza. Sarlina alishuka ufukweni.

Ndege walikuwepo, ila mbele ya nyumba ya Dolfina. Vitwitwi walikuwa wanakimbia kwenye mwani, wakidonoa. Walifika pale reki ilipoishia, wakageuka wakarudi, kama watu waliofika kwenye ua wa mwenzao. Sarlina akaenda akapindua mwani kwa mguu. Viroboto wa mchangani wakaruka kila upande, wengi wasiohesabika. Kisha akapanda moja kwa moja hadi barazani, ambako wageni walikuwa wanafunga mifuko.

"Mama, ndege nimewafukuza mimi," alisema, na Apools akiwa anasikia. "Nimesafisha mpaka chakula chao. Nipeni hadi kesho."

Mama Refiloe alimtazama mumewe, akaweka mfuko chini.

"Kaka, lete pikapu," Sarlina akasema.

"Ya nini?"

"Tunarudisha uchafu."

Apools alicheka hadi akakohoa. Akasema atabeba, maana hajawahi kusikia neno kama hilo kinywani mwa mdogo wake, na anataka awe shahidi. Nasi tukaja na reki na toroli zetu. Dolfina akauliza kama sebuleni nako kunahitaji miiba ya samaki kidogo, anayo nyumbani.

"Beba mwani, Dolfina. Maneno unayo ya kutosha."

Hakuturuhusu kumwaga ovyo. Ulitandazwa kwa mstari, pale pale maji yanapokomea, kama bahari yenyewe inavyoutandika. Ulikuwa umezidi kuoza kule nyuma ya vilima, na hadi jioni harufu ilikuwa imeingia kila chumba. Wageni walikula samaki wao madirisha yamefungwa, wasilalamike.

Kesho yake maji yalipoanza kupwa, vitwitwi walikuja. Kwanza wachache, kisha kundi zima, na nyuma yao tobi wawili wakitembea taratibu. Mama Refiloe alitoka na nguo ya kulalia, akimnong'onezea mumewe majina. Sarlina alisimama nyuma yao, nzi wakizunguka mlango wake, kichwa juu kama bibi harusi.

Walikaa wiki yote. Asubuhi ya kuondoka waliomba wawekewe wiki ile ile mwakani.

Gari lao lilikuwa halijapotea kwenye kona simu ya Apools ikalia. Alikuwa ametoka ufukweni, buti zimejaa mchanga, ambako siku hizo alishuka kila alfajiri, kuangalia tu, alivyosema.

"Haiuzwi, bwana," tulimsikia. "Dada yangu ana wageni." Akasikiliza kidogo. "Hata kwa bei hiyo. Mwakani imeshashikwa."

Akatia simu mfukoni, akageuka aingie jikoni. Sarlina alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Buti," akasema.

Apools akazivua.