Mbuzi Kumi na Nne na Sanduku ya Bati

Mimi, hakuna kitu inaweza kunishangaza. Sisemi kwa kujisifu, lakini hata ningejisifu, nani angenikatalia? Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri, minervali, ile pesa ya shule, ikakosa, nikatoka. Nikaanza kubeba mifuko ya mihogo kwa baiskeli toka Gety mpaka Bunia, nikiisukuma kwa milima kama vile nasukuma ng'ombe mwenye amekataa. Leo kamio, lori nzima, yenye inasimama mbele ya nyumba yangu ni ya kwangu, na ile ya nyuma yake pia ni ya kwangu. Nimepita njia ya Kilo siku za milio ya risasi, zenye madereva wengine walikuwa chini ya vitanda vyao. Nikiingia soko, mbele ya kuzima moteri, nimeshajua nani anataka kuuza na nani anajionyesha tu. Hiyo hawakunifundisha kwa ubao.

Kwa hiyo siku binti yangu aliniomba nimpeleke kwa mji wa mto, sikuona shida yoyote.

Mji wenyewe ni mdogo, asubuhi moja toka Bunia kama mvua haikunyesha. Jina yake sitaitaja. Wenye walitoka kule wanaijua, na inawatosha. Iko na maduka ya matofali ya zamani, yenye veranda na nguzo za mviringo, na kando ya maji iko bac, kivuko cha chuma, yenye imeoza pale pale iliposimama. Soko ni ya Alhamisi, na soko ni ya zamani kupita maduka. Mama wa mama yangu alitembea siku mbili kwenda kutafuta chumvi pale.

Lakini mji ulijulikana sababu ya mutu mumoja, mwalimu wa primeri. Miaka arobaini, kila Alhamisi, alikuwa anaketi sokoni na kaye, daftari yake, juu ya magoti, anaandika namna watu wanauza, wanatukanana, wanaoana. Kitabu kimoja chembamba kilichapwa kwa misheni, na siye wote tulikisoma shuleni, hata mimi na miaka yangu minne. Kaye zingine zote hazikuchapwa. Mwalimu alikufa, akaziacha ndani ya sanduku ya bati, na mjane wake akazichunga. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho kwa chuo hapa Bunia, alitaka kuandika kazi yake juu ya zile kaye.

"Papa, hakuna mutu ameshazisoma," aliniambia ndani ya kamio. "Hakuna kopi hata moja. Zikipotea, zimepotea."

"Hazitapotea," nilimwambia. "Papa yako anakupeleka."

Nia yangu ingine ilikuwa kununua maharagi. Siwezi kutembeza kamio tupu juu ya kaye.

Tulipofika saa tatu, mtoto akashuka kwenda nyumba ya mjane, karibu na bac, na mimi nikaingia soko. Kwanza nilipita kwa mama mwenye anapika mikate ya mihogo. Siku zote huyu mama anamwambia kila mgeni maneno mamoja: "Weye unajua unasemesha nani? Tate yangu ni yule wa ukurasa wa kumi na mbili! Yule mwenye alimwagia chef wa mji maji ya samaki!" Tate ni bibi. Pale sokoni watu walikuwa wanajisifu kwa kurasa, huyu anatoka ukurasa wa tano, yule shangazi yake iko ukurasa wa makumi mbili, na kama mwalimu hakukuandika, weye ni mutu wa kuja juzi.

Siku ile mimi ndiye nilianza kumtania: "Mama wa ukurasa wa kumi na mbili, habari?"

"Leo hakuna ukurasa," alisema. Hakucheka. Alinipa mikate mine, akanirudishia franga bila kuihesabu, na macho yake yalikuwa kwa barabara.

Hapo nikatazama soko. Wanawake walikuwa wanauza wamesimama. Mihogo, maharagi, samaki wakavu, vyote vilikuwa juu ya vitenge, lakini pembe za kitenge hazikutandikwa chini. Zilikunjwa juu, karibu na mkono, ili mutu azikamate zote nne mara moja. Batoto walikuwa mgongoni, hata wale wakubwa wenye wanaweza kutembea. Mkata tiketi ya soko hakuja, na meza yake ilikuwa imepinduliwa. Mitumbwi yote ya mji, yote, ilikuwa imefungwa ng'ambo ya mto, na hakukuwa mutu wa kuirudisha.

Kelele haikuwako. Soko ya mto, siku zote, unaisikia mbele ya kuiona. Siku ile nilisikia maji.

Kisha mzee mumoja akanisimamisha na mbuzi. Mbuzi yenye Bunia inafika dola makumi tano, alinitajia makumi tatu bila mimi kufungua mdomo. Nikasema makumi mbili, ili anitukane tuanze kazi.

"Chukua," alisema.

Hakusema ongeza. Hakuapa kwa mama yake. Alinipa kamba mkononi, akageuka, akaenda haraka. Nyuma yake akaja mwingine na mbuzi wawili, kisha mwingine.

Lazima niseme kitu hapa. Nilikuwa na miaka nane ao tisa wakati mama yangu alisimama kando ya barabara na mbuzi wetu watatu. Dereva mumoja alisimamisha gari, akawachukua kwa beyi ya sabuni, akacheka akiwapakia. Jioni ile tulikuwa porini, na nyumba yetu tuliiona moshi tu. Kwa hiyo hakuna mutu anaweza kunifundisha beyi ya vile inasema nini. Niliijua. Lakini nilikuwa nimeshakaa miaka mingi upande wa dereva, na mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mfuko.

Nilikuwa na mbuzi kumi na mmoja wakati binti yangu alikuja mbio. Viatu alikuwa amevishika mkononi.

"Papa, twende. Twende sasa hivi na sanduku."

"Umemaliza kusoma?"

"Nimesoma kaye moja tu. Papa, mwalimu aliandika soko hii, ya leo! Anasema siku watu wanataka kukimbia, wanawake hawatui mzigo, mitumbwi inalala ng'ambo, na mbuzi inakuwa rahisi kupita chumvi. Anasema aliiona mara tatu. Angalia vitenge. Angalia, papa!"

"Mimi soko sikuijulia kwa kaye."

"Basi unaijua! Kama unaijua, unangoja nini?"

Watu walikuwa wanatusikia. Mimi sipendi mutoto anisemeshe hivyo mbele ya watu wa soko. Nikamwambia nimeona masoko mengi yakinyamaza na kesho yake yakaamka, na hakuna kitu inaweza kunishangaza, na aende aketi ndani ya kamio. Nikaendelea kununua.

Mbuzi watatu wa mwisho waliletwa na mjane mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amevaa koti ya mwanaume. Nilimpa dola makumi sita kwa wote watatu, akazikunja bila kuangalia. Kisha akanisogelea.

"Patron, kamio yako iko na nafasi?"

"Ya nini, mama?"

"Sanduku moja. Ya bwana yangu."

"Weye unakuja nayo?"

"Mimi ninangoja bajukuu. Balienda kuchimba viazi nyuma ya kilima, bado kurudi. Sanduku itangulie. Huyu binti yako ataichunga, nimemwona macho."

Nilienda kuiangalia, na binti yangu akashuka kutufuata. Ilikuwa sanduku ya kubebwa na watu wawili, nzito, ya rangi ya majani, na kufuli. Kwa nyuma ya kamio, mahali pale palitosha mbuzi wawili. Na mimi niko na kanuni yangu, na kanuni hiyo ndiyo ilinunua kamio mbili: hakuna mzigo unapanda bure, hata wa ndugu yangu, hata wa padiri.

"Transport ni franga elfu makumi mbili," nilisema.

"Papa!"

"Papa nini? Mbuzi inalipa kiti yake. Kaye italipa na nini?"

Mjane aliniangalia bila hasira. "Pesa yenye umenipa iko ya njia. Tuko watano. Siwezi kuigusa."

"Basi, Alhamisi ijayo nitapita tena. Kaye haili majani, itangoja."

"Shusha mbuzi wawili," binti yangu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wawili tu, papa. Nitakulipa nikipata kazi."

"Nishushe mbuzi sababu ya karatasi?"

Akamgeukia mjane. "Tate, unipe hata kaye tano, nizipakate kwa magoti."

"Hapana, mwanangu. Alizipanga mwenyewe, moja inaita ingine. Zinaenda zote ao zinabaki zote." Akagonga sanduku kwa kiganja, mara moja, kama mutu anapiga hodi. "Alhamisi, patron amesema."

Nikawasha moteri.

Kwa njia ya kurudi iko baryeri moja, kizuizi cha barabara, yenye sijapita bure tangu ninajua kuendesha. Siku zote wanaume watano, sita, wamekaa pale na kamba yao, wananiita mukubwa, wananiomba ya kahawa. Siku ile kamba ilikuwa chini, katikati ya barabara. Kiti kilikuwapo, kikombe kilikuwapo juu ya kiti, bado kinatoa mvuke. Watu hawakuwako. Nikapita juu ya kamba. "Unaona?" nilimwambia binti yangu. "Leo hata hawa hatuwalipi." Nyuma, mbuzi kumi na nne hawakulia hata mumoja mpaka tukaona mabati ya Bunia.

Niliwauza kwa siku mbili, dola makumi tano kila moja. Siku ya tatu motari, wale wa pikipiki, wenye walikuwa wamepeleka watu upande wa mto walirudi bila watu, wakanywa maji, hawakutaka kuhadithia. Siku ya ine tuliambiwa bac tu ndiyo imebaki, sababu chuma haiwaki. Alhamisi yangu ilifika, na hakukuwa mahali pa kwenda.

Binti yangu hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alikuwa anaweka chakula mbele yangu, anasema "Karibu, papa," anaenda kuketi kwa chumba yake. Kila siku baada ya masomo alienda kwa kambi ya watu wenye walikimbia, pale mwisho wa mji, anauliza hema kwa hema. Wiki ya sita alirudi, akasimama mlangoni.

"Yuko hai," alisema. "Nataka uje."

Nilienda na kamio. Mfukoni nilitia faida yote ya wale mbuzi, dola mia nne na makumi mbili, ndani ya bahasha, na nilijiona mutu mwema. Mvua ilikuwa imenyesha. Mjane alikuwa amekaa juu ya sanduku, ile ile ya rangi ya majani, mlangoni pa hema ya plastiki, na bajukuu wane wamemzunguka. Koti haikuwako tena.

"Patron wa Alhamisi," alisema.

"Mama, sanduku imefika!"

"Imefika." Akasimama, akaifungua. Ndani mlikuwa kaye mbili.

Alituhadithia pole pole, kama mutu anaonyesha njia. Bajukuu walirudi na viazi, na milio ya risasi ilikuwa imeshaanza. Alipata motari mumoja, na motari alisema anabeba mzee ao sanduku, si vyote viwili. Akapandisha sanduku. Yeye na batoto walitembea, wakaikuta kwa kijiji chenye walipatana. Kutoka pale, siku tisa za pori, mvua kila jioni, kuni zote mbichi, na mjukuu mdogo anakohoa. Kaye zilikuwa kavu.

"Nilikuwa nasoma kwanza kila ukurasa, kisha naitia motoni," alisema. "Nilianza na za mwisho, sababu za mwanzo ndiyo aliniandika mimi."

Binti yangu alikuwa ameketi chini kwa matope, kaye moja mikononi. Hakulia. Alikuwa anasoma, na kidole chake kilitembea chini ya maneno kama cha mutoto wa mwaka wa kwanza.

Nikatoa bahasha. Mjane akaifungua, akaona, akaifunga.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kaye, mama."

"Kaye haina beyi. Hata siku ile haikuwa na beyi, ni weye uliitafutia." Akanirudishia. "Lakini transport iko na beyi. Motari alinichukulia elfu makumi tatu na tano. Hiyo, unirudishie. Na ikuwe ya franga, sitaki dola."

Nikatoka kwenda kwa mchanja franga, mwenye kubadilisha dola, pale mlangoni pa kambi. Alinichanja haraka sana, bila kubishana beyi ya dola. Kando yake wanawake wanauza tomati. Nilikuwa nimeshawapita wakati miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikageuka. Walikuwa wamesimama, batoto mgongoni, na pembe za vitenge zilikuwa mkononi.

"Tomati ngapi, mama?" nilimwuliza wa kwanza.

"Chukua zote," alisema, na macho yake yalikuwa kwa barabara.

Sikuchukua. Nilirudi mbio, mimi na tumbo yangu hii, mpaka kwa hema.

"Mama, kamio iko tupu. Pandeni, weye na batoto na sanduku. Nyumba yangu iko upande ule mwingine wa mji. Sasa hivi."

Binti yangu aliinua macho, akaniangalia, akaelewa, akaanza kukusanya batoto. Lakini mjane hakusimama. Alinyoosha mkono.

"Kwanza ya motari."

Akaihesabu mara mbili, pole pole, noti kwa noti, mimi nikisikiliza barabara: franga elfu makumi tatu na tano.