Betri Nilizoanika Juu ya Bati

Harufu ya betri iliyovuja haina mpenzi, lakini mimi ikinifika puani husimama pale pale. Hapa nyumbani kwangu Viwanja Sitini ninazo mashine tisa za zamani za kucheza sataranji, nilizozipata kwa mafundi redio na wauza mitumba, na kila ninapofungua mfuniko wa nyuma naukuta utoto wangu umo ndani. Jirani huniuliza kwa nini mwanamke mzima anakusanya midoli isiyojua hata kumwamkia. Huwa nacheka tu. Ninyi nitawaambia.

Baba alikuwa fundi umeme Kidatu, akirudi kwetu Lumemo mwisho wa mwezi. Mama alikwisha fariki, nami nililelewa na bibi, ambaye msimu wa mpunga aliondoka na jembe alfajiri na kurudi jua likizama. Safari moja baba alileta mashine ya sataranji aliyoachiwa na mhandisi aliyekuwa akirejea kwao. Ukibonyeza kete kwenye mraba wake, inalia pii, kisha taa ndogo nyekundu zinakuonyesha yenyewe inataka kwenda wapi. Tulicheza upande mmoja, mimi na baba, dhidi yake. Siku zake za mapumziko ziliisha mchezo ukiwa katikati.

"Usiizime," aliniambia akifunga begi. "Tutaumalizia nikirudi."

Nikawa mlinzi. Nikitoka shule nilikuta mtaa mtupu, wenzangu wote wako mashambani wakifukuza ndege. Nilikaa na ile taa nikaisimulia habari za darasani. Nilikuwa mpweke, ingawa neno lenyewe sikulijua. Siku moja nikaona taa inafifia. Kwetu betri za redio zikichoka hazikutupwa. Wengine waliziuma kwa meno; bibi alizianika juu ya bati. Basi nikazitoa, nikazianika mchana kutwa, nikazirudisha huku nikijisifu. Mashine ikalia pii na kuanza mchezo mpya; wetu ulikuwa umefutika.

Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Kisha nikapanga kete zote zilivyokuwa, maana nilikuwa nimezikariri, nikamwomba Mungu baba asigundue.

Alipokuja nilimpa shikamoo bila kumtazama usoni. Akaketi, akasogeza farasi wetu. Mashine ikakoroma kukataa. Akajaribu tena, ikakoroma tena. Akaigeuza, akaziona betri zilivyopauka kwa jua, akanitazama kidogo, kisha akaizima.

"Imechoka hii," alisema. "Leo nitaijibia mimi."

Tulicheza hadi bibi akaita chakula, na mimi ndiye niliyemnasa mfalme. Nililala nikiamini tumeishinda mashine, na kwamba baba hakujua lolote. Mwaka uliofuata tulimzika.

Nilipokuwa mtu mzima nikanunua mashine yangu ya kwanza, ya aina ile ile. Jambo la kwanza nililofanya ni kuupanga mchezo wetu wa siku ile, hatua kwa hatua, maana sikuwahi kuusahau. Kila ilipofika zamu ya baba, niliiuliza mashine ingecheza vipi. Mara tatu taa zilinionyesha njia ya kunimaliza, njia fupi ambayo hata mtoto angeiona. Baba alizipita zote tatu.

Ninamkumbuka sana baba. Jioni nikishakula huwasha moja kati ya hizi tisa, tukacheza kimya kimya. Zote hunishinda, na hakuna hata moja inayojua kuniachia.