Siku Nilipoonja Bia Nikiwa Nimefungwa Macho

Walisema mtoto wa kijiji cha Mbwera aliyekulia kwenye mitumbwi hataweza kuendesha baa. Nikarudi kutoka Dar na diploma ya hoteli, nikafungua baa yangu hapa Kibiti, tena yenye bia ya bomba, ile inayokingwa kwenye glasi kutoka kwenye pipa. Mashine yake ilimeza akiba yangu yote.

Wateja hawakuitaka. Hapa mtu hunywa ya chupa, ya moto, isiyopita kwenye friji, na kizibo kifunguliwe mbele yake.

"Hiyo ya bomba nani ameiona ikifunguliwa?" aliuliza Mwalimu Ngwale, mstaafu asiyekosa kiti cha mlangoni.

Nikawaambia ya bomba ndiyo tamu, na msomi kama mimi huitambua hata gizani. "Nikikosea, mashine naing'oa leo leo!"

Baada ya saa moja hivi Rehema, mhudumu wangu, akanifunga macho kwa kanga, akaleta glasi mbili, moja ya bomba na nyingine ya chupa.

Ya kwanza ilikuwa ya baridi. "Bomba!" nikasema. "Laini, safi, ndiyo niliyoisomea."

Ya pili ilikuwa ya moto. "Chupa! Inakwaruza koo." Nikawahutubia kuhusu povu mpaka pumzi ikaniishia.

Baa nzima ikaangua kicheko.

"Bosi, nisamehe," Rehema alisema akinifungua kanga. "Ya kwanza ni ya chupa, tuliilaza kwenye friji. Ya pili niliikinga bombani, nikaianika juani."

Mwalimu alikuwa anafuta machozi. "Kumbe mwanangu ulisomea friji! Haya, spana iko wapi?"